Sikio la Kulia

Kila mwaka, mvua za vuli zikikaribia, mama yangu alinichukua Kariakoo kuagiza chungu kibovu. Ndivyo akina mama wauza vyungu walivyokiita, na nami nikazoea kukiita hivyo hata nyumbani, mpaka siku moja nikapigwa kofi. Chungu chenyewe kilikuwa kipya, cha udongo wa Kizaramo, ila mama alitaka kitobolewe matundu pande zote kabla hakijachomwa, ili taa ikiwekwa ndani mwanga upate kutoka.

"Mama, chungu cha matundu utapikia nini?" muuza vyungu alimwuliza, mwaka ule wa kwanza ninaoukumbuka.

"Mimi pika taa," mama alijibu.

Upande ule wote wa soko ulicheka, na mama akacheka nao, ingawa hakujua kachekesha nini. Alikuwa amekuja na meli kutoka Kathiawar, pwani ya India, akiwa bibi harusi, na Kiswahili chake hakikupata kutoka nje ya vyungu, maziwa na nazi. Tangu siku ile wakituona tunakuja walipigana viwiko: "Mpika taa huyo!" Wakati mwingine mpita njia alitutupia methali ya Banyani mbaya kiatu chake dawa. Mimi nimezaliwa Dar es Salaam. Nilimrudishia maneno kwa Kiswahili chake mwenyewe, mpaka akatamani ardhi ipasuke. Mama alidhani namsalimia, akanisifu kwa adabu.

Tulikaa Uhindini, nyuma ya duka la baba la kushona nguo. Kati yetu na Kariakoo palikuwa na uwanda wa Mnazi Mmoja, na serikali ya Mwingereza ilipenda uwanda ule ubaki mtupu, Wahindi huku, Waafrika kule. Mama aliuvuka kwa miguu, jua kali, amekikumbatia chungu chake ndani ya sari kama mtoto mchanga. Hakukubali mchukuzi akiguse, wala mimi.

Chungu kilikuwa cha zile siku tisa za Mataji. Mataji ndiye Mungu Mama, na kwetu kila ukoo una wake. Wa kwetu alikuwa picha ya karatasi iliyobandikwa kwenye ubao, amempanda simba, rangi nyekundu ya nguo yake imeliwa na unyevu wa pwani. Chungu kiliwekwa uani kikiwa na taa ndani, na wasichana wa mtaa tukakizunguka kwa kucheza na kupiga makofi. Nilikuwa mchezaji mzuri, sijisifu bure. Lakini ngoma haikunishika moyo. Kilichonishika ni midomo ya mama.

Mantra ni maneno ya ibada ambayo mtu huyarudia na kuyarudia. Ziko za kila mtu, ambazo kuhani alizisoma kwa sauti hata muuza kahawa wa kona yetu akazijua, akawa anaziimba huku akigonga vikombe vyake. Na ilikuwako moja ya nyumba yetu. Hiyo haikuandikwa, haikusemwa kwa sauti. Mama aliipata kwa mama mkwe wake kule Kathiawar, alfajiri ya siku ya nane, kabla hajala kitu, nywele zimelowa maji ya kuoga. Walijifunika sari moja, bibi akamnong'oneza maneno yale mara tatu katika sikio la kulia. Aliniambia yote hayo bila kuficha: saa, sari, sikio. Maneno tu ndiyo hakuniambia.

Kila alfajiri mama aliketi mbele ya picha ile, mkono wa kulia umo ndani ya mfuko wa kitambaa chekundu. Kidole cha shahada kilichomoza nje kupitia tundu lake, maana hakiruhusiwi kugusa shanga. Ndani ya mfuko shanga mia na nane zilipita moja moja, na midomo yake ikatikisika pasipo sauti. Mimi nilikuwa mkekani, nimejifanya nimelala, naitazama. Nilijua mantra ile ni fupi. Nilijua inaanza midomo ikiwa wazi na kuishia midomo imefumba. Zaidi ya hapo sikujua kitu, na kutojua kule kuliniuma kama njaa.

Nilipokuwa na miaka kumi na miwili, au kumi na mitatu, nilimwuliza. Tulikuwa jikoni tunasugua taa za shaba kwa ukwaju. Kazi ile ilikuwa yangu. Kaka yangu hakupata kushika taa hata moja.

"Mama, mimi utanipa lini?"

Alijua ninasema nini. Hakuacha kusugua. "Wewe hupewi," alisema. "Binti ni amana ya watu. Utaolewa, utakuwa na Mataji wa kwa mumeo, na mama mkwe wako atakunong'oneza ya kwao. Hii ya hapa ni ya mke wa kaka yako."

"Kaka hana mke!"

"Atakuwa naye."

Nilirusha taa ukutani. Ina bonde ubavuni mpaka leo. Mama hakunipiga siku ile, na afadhali angenipiga, kwa sababu aliiokota, akaitazama, akanirudishia nimalizie kusugua.

Nataka ieleweke kwamba sikuitaka mantra ile kwa ajili ya baraka wala ulinzi. Nilikuwa mtoto mwenye kiburi, nilijilinda mwenyewe kwa ulimi wangu. Niliitaka kwa sababu ilikuwa ndani ya mama, mahali pake pa peke yake, na kila alfajiri aliingia humo akaniacha mlangoni. Nilitamani kuingia naye. Basi.

Niliolewa mtaa wa tatu kutoka kwetu, kwa fundi saa, mtu mpole ambaye hasira zangu zilimpita kama kelele za barabarani. Lakini mama yake alikuwa amefariki kabla sijafika, na mantra ya kwao ilikwenda naye. Kwa hiyo nikawa mwanamke wa nyumba mbili, nisiye na neno hata moja. Nilirudi kwa mama nikamwuliza, sasa je? Alilia. Aliniwekea wali na mtindi, chakula anachopewa mtoto mgonjwa, akanitazama nikila. Kisha akasema kanuni ni kanuni.

Halafu kaka akaletewa mke.

Nilimchukia wifi yangu kabla hajashuka melini. Alikuwa mwembamba, kachoka na bahari, ana sanduku la bati na sauti ndogo ambayo ulilazimika kuinama kuisikia. Kiswahili hakujua hata salamu. Mara ya kwanza kumpeleka Kariakoo nilimpitisha makusudi kwenye samaki wakavu, mimi niliyejua njia tano za kupakwepa. Aliziba pua kwa sari, macho yamemtoka, na wauzaji wakamchekea: "Mama, papa anakusalimu!" Mimi nilicheka kuliko wao. Aliniuliza wanasema nini, nikamwambia wanamkaribisha. Alirudi nyuma akawakunjia mikono kwa heshima, papa kwa papa.

Mwaka uleule siku tisa zilipofika, nilijua la siku ya nane. Hakuna aliyenialika, lakini asiyekuwepo na lake halipo, nami nilihakikisha nipo. Nilifika alfajiri nikakaa jikoni. Kulikuwa na wanawake wengine watatu wa ukoo, wamekuja kushuhudia, wamekaa ukumbini wanasubiri. Wifi alipita nywele zake zinadondosha maji. Mama alimfuata. Pazia la kile chumba kidogo likafungwa.

Walikaa humo muda mrefu. Nilihesabu kwa pumzi zangu: mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Walizidisha. Nilianza kuhesabu tena nikashindwa, kwa sababu nilikuwa nalia juu ya unga wa watu.

Wifi alitoka macho mekundu, kichwa chini, akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba. Wanawake wakasema Mataji amemgusa. Mama alitoka baadaye, hakunitazama. Siku tano hivi zilipopita niliuona ule mfuko mwekundu umevaliwa mkono mwingine: wifi ameketi kando ya mama, kidole cha shahada kimechomoza, midomo inatikisika. Mama alikuwa anatumia shanga nyingine, za akiba.

Kuanzia hapo sikumwita wifi. Nilimwita mke wa kaka. Akiniletea maji niliyaweka chini bila kuyanywa. Naandika haya kwa aibu, ila niliona raha nilipoyafanya, na raha ile naikumbuka pia.

Masika yaliyofuata, kiharusi kilimpiga mama. Upande wa kushoto ulilala, ulimi ukawa mzito hautoi neno. Macho yake yalikuwa yaleyale, alitujua wote. Nilikwenda kila siku baada ya chakula cha mchana, nikamwosha, nikamgeuza, nikamchana nywele. Mke wa kaka alikuwa na zamu ya asubuhi. Tulipishana mlangoni kama wageni.

Siku moja mvua ilikuwa inapiga bati hata usingeweza kusikia mtu. Shanga za mama zilikuwa zimeanguka chini ya kitanda. Nikataka kuinama kuzitafuta, lakini alinishika mkono wangu wa kulia kwa mkono wake wa kulia, akaufunua kiganja. Akaweka kidole gumba chake kwenye kidole changu cha pete, pingili ya katikati. Nikadhani ananipapasa tu. Kisha kidole kile kikagandamiza kwa nguvu mara moja. Kikalegea. Kikagandamiza tena mara mbili, polepole, ndipo kikahama kwenda pingili ya chini. Pale nako, vilevile: nguvu mara moja, kulegea, mara mbili polepole.

Asiye na shanga huhesabu kwa pingili, hiyo najua tangu utoto. Kutoka kidole cha pete kilikwenda kidole cha mwisho, kikapanda mpaka ncha, kikavuka ncha ya kidole cha pete na ya cha kati, kikashuka cha kati mpaka chini, kikaishia kwenye shina la kidole cha shahada. Kumi. Akaanza tena. Midomo yake haikutikisika, haikuweza. Mantra yote ilikuwa imehamia kwenye kidole gumba, na kidole kilikuwa juu ya mkono wangu.

Aliendelea hivyo kila alasiri karibu mwezi mzima. Sijui kama alikuwa ananipa au alikuwa amekosa shanga. Nimejiuliza maisha yangu yote. Nilimtazama usoni nipate kujua, naye alinitazama, na ndani ya macho yale sikupata jibu, nilipata mama tu. Nilijua sasa mahali pa nguvu na mahali pa kulegea. Nilijua pumzi inakwenda wapi. Ilikuwa kama kuijua nyumba kwa kuizunguka nje, madirisha yote, bila kupewa ufunguo.

Alifariki kabla masika hayajaisha. Wanaume walimbeba kwenda kumchoma. Sisi wanawake tulibaki tukaosha sakafu, mke wa kaka kona ile, mimi kona hii.

Vuli ilipokaribia nilikwenda Kariakoo peke yangu. Nyumba ile haikuwa yangu tena, lakini nani mwingine angeagiza chungu?

"Shikamoo, mama," nilimwambia muuza vyungu.

"Marahaba, mwanangu. Mpika taa yuko wapi leo?"

Nilijifunika uso kwa sari. Alifahamu. Aliweka chini kata aliyokuwa ameishika, akafuta mikono kwenye kanga yake, akanivuta kifuani mbele ya soko zima.

"Pole, mwanangu. Pole sana. Chungu nitakutengenezea. Usinielekeze, matundu yake nayajua."

Siku ya saba jioni, kaka yangu alinipitia nyumbani na ujumbe ambao yeye mwenyewe hakuuelewa. Mkewe amesema nije kesho alfajiri. Nioge. Nisile.

Nililala jicho moja. Nilijua maana yake ni moja tu: amenihurumia, atavunja kanuni, atanipa. Nilimwona ghafla kwa jicho jingine. Nilikumbuka maji yake niliyoyaacha sakafuni, nikaapa kumwomba radhi, nikaapa kumfundisha Kiswahili chote, mpaka cha matusi. Kabla jua halijachomoza nilikuwa barabarani, nywele zinanidondoshea maji mgongoni, muuza kahawa ananishangaa mke wa fundi saa anakimbia.

Taa ilikuwa inawaka ndani ya chungu kipya. Wifi aliniketisha mbele ya picha ya Mataji, akakaa karibu, magoti yakagusana. Akavuta sari yake ikatufunika wote wawili. Ndani ya kitambaa kulikuwa na harufu ya samli na asumini, na mwanga wa taa umekuwa mwekundu. Nilifumba macho. Nilitega sikio la kulia. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nilikuwa nimeisubiri saa ile tangu siku nilipoitupa taa.

"Wifi," alininong'oneza, "sina. Mama hakunipa."

Sikuelewa. Nikamwambia aseme tena.

Akasema yote, humohumo ndani ya sari, kwa ile sauti yake ndogo. Siku ile ya nane, alipoketi tu na mama akamfunika, damu ya mwezi ilimjia, kabla ya siku zake. Mwanamke katika hali ile haruhusiwi hata kuvuka kizingiti cha Mataji. Alimwambia mama palepale. Ukumbini kulikuwa na mashahidi, na jikoni nilikuwapo mimi. Mama hakutaka mgeni wa watu afedheheke mwaka wake wa kwanza. Alimwambia akae kimya, wakae muda unaotosha, watoke kama waliomaliza. Baadaye akampa mfuko, ajifunze kuketi. Maneno yangekuja siku ya nane ya mwaka unaofuata, maana hayatolewi siku nyingine. Mwaka haukufika.

"Na shanga?" nilimwuliza. "Miezi yote ile ulikuwa unasema nini?"

"Namwita mama yangu. Wa kwetu. Sikuwa na kingine cha kusema."

Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, mkono ulinyanyuka. Mama yangu mimi alikuwa amekufa na neno lake, na huyu alikuwa amekaa mahali pangu na mfuko mtupu, na mimi nimemwonea wivu wa kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa nacho. Kisha nikamsikia anavyotetemeka. Alikuwa hajagusana na mtu tangu ashuke melini, isipokuwa mumewe na yule mama aliyemficha. Mkono uliokuwa juu ukashuka, ukashika mkono wake wa kulia, ukaufunua kiganja.

"Kidole cha pete," nilimwambia. "Pingili ya katikati. Hapa. Gandamiza kwa nguvu. Legeza. Sasa mara mbili, polepole. Hama."

"Na maneno?"

"Maneno hayapo. Hama."

Alikosea alipofika kidole cha mwisho, nikampiga kofi dogo la mkono, tukaanza upya. Tulikwenda mpaka mia na nane. Tulipotoka ndani ya sari jua lilikuwa limeshaingia uani, na nilikunywa maji aliyoniletea, gilasi nzima.

Hiyo ilikuwa zamani. Mwana wa wifi naye alioa, na mke wake alipofika, siku tisa zikaja, na siku ya nane. Wifi alimwogesha mapema. Wakaingia chumbani, pazia likafungwa, wakajifunika sari moja, kidole juu ya kidole. Mimi niliinuka niwafuate. Wifi alinizuia kwenye pazia, macho yamemjaa machozi. Akaniambia kwa upole kwamba mimi ni binti wa nyumba, nimeolewa kwingine, hii ni ya mke wa mwana.

Nilikwenda jikoni. Nikachukua ukwaju, nikakaa chini, nikaanza kusugua ile taa yenye bonde.